Mlinzi wa Mgonjwa: Historia ya Kupona Masisi na Walikale

Mtu aliyefika ukingoni mwa mauti na akapona haachani na ugonjwa siku anapotoka hospitali. Kwa wiki, kwa miezi, pengine kwa miaka, usingizi humkimbia au humjia pamoja na majinamizi. Hukumbuka mambo ambayo hayakutokea: kwamba wauguzi walipanga kumuua, kwamba kitanda chake kilikuwa kikisombwa na mto, kwamba marehemu wa ukoo walisimama mlangoni wakimwita. Hesabu ndogo za sokoni humshinda. Hukasirikia watoto bila sababu, hulia peke yake, huogopa harufu ya dawa. Katika wilaya za Masisi na Walikale, mkoani Kivu Kaskazini, jeraha hili limeandikwa kidogo sana kuliko majeraha ya risasi, njaa na ubakaji. Hata hivyo lina historia yake, na historia hiyo imefungamana na desturi moja ya zamani: mgonjwa mahututi haachwi peke yake.

Masisi ni nchi ya milima ya malisho na mashamba. Walikale, upande wa magharibi, ni msitu mkubwa wenye kilometa za mraba zaidi ya 23,000, ukubwa unaoikaribia Rwanda nzima. Wahunde, Wanyanga, Wakano, Wakumu, Watembo, Wahutu na Watutsi wanaoishi humo hutofautiana kwa mengi, ila si katika jinsi ya kumsafirisha mtu aliyezidiwa. Hulazwa kwenye tipoyi, machela ya miti na kamba, akabebwa na wanaume wanaopokezana mabega. Nyuma yao hufuata mwanamke mmoja au wawili na sufuria, mkeka na unga. Wabebaji wakisharudi kijijini, wanawake hao hubaki. Ndio walinzi wa mgonjwa.

Kazi ya mlinzi haijawahi kuandikwa kwenye mkataba wowote, lakini hospitali za Kongo zisingeweza kuendeshwa hata siku moja bila yeye. Hospitali nyingi hazimpi mgonjwa chakula, hivyo mlinzi hupika uani. Humwosha, humgeuza ubavu, hufua shuka zake, hununua dawa iliyoandikwa, na usiku humwamsha muuguzi pumzi zinapobadilika. Kuna kazi nyingine ambayo hata yeye haihesabu kuwa kazi: humwita mgonjwa kwa jina lake, humwambia kumekucha, humtajia nani amekuja na nani ametuma salamu. Homa kali na ukosefu wa hewa huivuruga akili hadi mtu asijue yuko wapi wala ni saa ngapi, na sauti anayoifahamu humpa pa kushikilia. Akishapona, mlinzi ndiye daftari lake. Ndiye anayejua siku alipopoteza fahamu, maneno aliyoropoka, aliyemtia damu, na usiku ambao watu walikata tamaa.

Mwanaanthropolojia wa Marekani John Janzen, aliyefanya utafiti magharibi mwa Kongo, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1978 jinsi maamuzi ya tiba yanavyoshikwa na kundi la ndugu: wao ndio wanaopima dalili, wanaochagua mganga au zahanati, wanaotoa fedha na wanaobeba lawama. Alichokiona kwa Bakongo kinaonekana wazi pia Kivu. Ugonjwa mzito ni wa ukoo. Kwa sababu hiyo hata kupona ni kwa ukoo, na anayerejea hutazamiwa aeleze alikokuwa.

Wanyanga wa Walikale wanalo simulizi kubwa lenye wazo hilo. Utenzi wa Mwindo ulirekodiwa mwaka 1956 kutoka kwa msimulizi Candi Rureke na kuchapishwa mwaka 1969 kwa kazi ya Daniel Biebuyck, mtafiti wa Ubelgiji, na Kahombo Mateene, msomi Mnyanga. Mwishoni mwa simulizi, shujaa huyo huchukuliwa na Nkuba, bwana wa radi, akapelekwa mbinguni, ambako kwa mwaka mzima huteswa na baridi, mvua na jua bila uwezo wa kujitetea. Anaporudi huwakusanya watu wake na kuwasimulia yaliyompata, kisha anawaachia maagizo ya kuishi. Si hadithi ya hospitali, bila shaka. Lakini inaonyesha jamii inayoamini kwamba aliyetoka mahali pa kutisha anastahili mkutano, na kwamba masimulizi yake ni mali ya wote.

Utawala wa kikoloni ulikuja na mkono mwingine. Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale ulipokuwa ukiangamiza watu kaskazini mwa Kongo, serikali ilijenga lazareti, kambi ambako wagonjwa walitengwa mbali na ndugu zao. Ile ya Ibembo, katika nchi ya Uele, ilipata sifa mbaya kabisa: watu waliiona kuwa gereza la kufia, wakatoroka na hata kuasi. Madaktari walikuwa na sababu ya kuogopa maambukizo. Walichokosa ni kuelewa kwamba, kwa watu hao, kumtenga mgonjwa na walinzi wake kulikuwa sawa na kumfukia angali hai. Hofu kama hiyo ya jengo la kutengwa ingejitokeza tena Kivu zaidi ya miaka 100 baadaye.

Chumba cha wagonjwa mahututi kama kinavyojulikana leo kilianzia mbali, tena katika janga. Mwaka 1952 polio ilishambulia mji wa Copenhagen, nchini Denmark. Katika hospitali ya Blegdam mashine za kupumulia hazikutosha, na wagonjwa waliopooza misuli ya pumzi walikufa zaidi ya 80 kati ya kila 100. Daktari Bjørn Ibsen, mtaalamu wa dawa za usingizi, alipendekeza koo litobolewe na hewa isukumwe mapafuni kwa mfuko wa mpira unaominywa kwa mkono. Mgonjwa wa kwanza alikuwa msichana wa miaka 12, naye akaishi. Kisha wakaitwa wanafunzi wa udaktari, takriban 1,500 kwa jumla, wakaketi kando ya vitanda kwa zamu, usiku na mchana, wakiminya mifuko. Vifo vikashuka hadi chini ya nusu. Mwaka uliofuata Ibsen alifungua wadi maalumu ya wagonjwa mahututi. Jambo hili husahaulika: wadi za namna hiyo zilizaliwa na watu walioketi kando ya kitanda bila kuondoka. Mashine zilikuja baadaye kuchukua nafasi ya mikono yao, na kwa miongo mingi hospitali za Ulaya na Marekani ziliwaruhusu ndugu kuingia saa chache tu kwa siku.

Gharama ya upweke huo ilichelewa kuonekana kwa sababu madaktari walihesabu waliokufa na waliotoka, basi. Ni mwaka 2010 ambapo wataalamu waliokutana Marekani walikubaliana kuupa jina moja mkusanyiko wa udhaifu wa misuli, uzito wa kufikiri, na huzuni au woga unaobaki baada ya uangalizi wa mahututi, na wakaeleza kwamba ndugu nao huweza kuumizwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutoka Tennessee, uliofuatilia watu 821, ulionyesha kwamba miezi mitatu baada ya kutoka, wagonjwa 4 kati ya 10 walikuwa na uwezo wa kufikiri sawa na wa mtu aliyepata jeraha la wastani la ubongo. Kadiri kuchanganyikiwa kulivyodumu kitandani, ndivyo akili ilivyodhoofika zaidi baadaye.

Dawa mojawapo iliyobuniwa ilitoka kwa wauguzi wa nchi za Skandinavia. Walianza kumwandikia mgonjwa daftari la kila siku kwa maneno mepesi: leo ulipata homa, mkeo alikuja, ulifungua macho tulipokuita. Akipona hupewa daftari hilo ili ajaze pengo la siku zilizopotea na kuzitofautisha na ndoto. Utafiti wa mwaka 2010 katika nchi sita za Ulaya, uliohusisha wagonjwa 352, ulionyesha kwamba waliopewa daftari walipata msongo wa baada ya kiwewe kwa asilimia 5, na waliokosa kwa asilimia 13. Mwanamke wa Nyabiondo au Mpofi aliyelala siku 20 kwenye mkeka chini ya kitanda cha mwanawe asingeshangazwa na matokeo hayo. Amekuwa akiifanya kazi ya daftari kwa mdomo.

Hata hivyo desturi hiyo haikuachwa iendelee kwa amani. Machi 1993 mauaji katika soko la Ntoto, wilayani Walikale, yaliwasha vita vilivyoenea Masisi na kuua maelfu ya watu. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walivuka hadi Goma, na kipindupindu na kuhara vikawaangusha kwa maelfu katika wiki chache za Julai na Agosti. Baada ya hapo vita viwili vya Kongo, kisha makundi ya silaha yasiyohesabika. Barabara ya Goma hadi Walikale iliharibika vibaya. Katika miaka ya 2000 ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha lami pale Kilambo kuchukua kasiteriti, madini ya bati, ya mgodi wa Bisie, iliyotolewa msituni kwa migongo ya vijana, huku mama mwenye uchungu wa kuzaa akiendelea kubebwa kwa tipoyi. Ukoo uliotawanyika kambini au msituni hauna tena watu wa kutosha wa kumlinda mgonjwa. Wakati mwingine mlinzi ni binti mdogo, na wakati mwingine hakuna kabisa.

Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka limekuwa likiisaidia hospitali kuu ya rufaa ya Masisi tangu mwaka 2007, na limefanya kazi pia Mweso, Walikale na Pinga. Uangalizi wa mahututi huko haufanani na picha za Copenhagen. Ni vitanda vichache karibu na meza ya wauguzi, mitambo ya kuzalisha oksijeni inayotegemea jenereta, damu inayotafutwa kwa ndugu, na wadi ya watoto wenye utapiamlo mkali. Wengi wa wanaolazwa humo ni watoto, na adui mkubwa ni malaria, hasa katika joto la msitu wa Walikale.

Kwa watoto hao ushahidi wa karibu umetoka Kampala. Watafiti wa hospitali ya Mulago waliwafuatilia watoto waliopona malaria iliyopanda kichwani. Baada ya miaka miwili, zaidi ya mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa kufikiri, wakati kwa watoto wa mitaa ileile wasiougua ilikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Kumbukumbu hupungua, umakini hukatika, na baadhi huwa wakali au wenye kurukaruka kupita kiasi. Mwalimu wa shule ya msingi huko Kashebere anayemwona mtoto wa darasa la tatu amekuwa mzito ghafla humwita mvivu, na wengine kijijini husema amerogwa. Shutuma ya uchawi dhidi ya watoto si jambo dogo Kongo: huweza kumtoa mtoto nyumbani kabisa. Hapa kutojua kunaumiza kuliko ugonjwa wenyewe.

Kuna pia deni. Pale ambapo matibabu si ya bure, kupona kunaweza kumgeuza mgonjwa kuwa mahabusu: hospitali nyingi nchini zimewazuia waliopona wasiondoke hadi bili ilipwe. Wiki za kuzuiliwa, huku shamba likiota magugu na mbuzi wakiuzwa, humjengea mtu aibu na hisia kwamba uhai wake umewagharimu wengine kupita kiasi. Hakuna kipimo cha daktari kinachoonyesha aibu hiyo, nayo hukaa muda mrefu.

Somo kubwa kuliko yote lilikuja na Ebola. Kongo iliifahamu tangu Yambuku mwaka 1976. Huko Kikwit, mwaka 1995, watu 315 waliugua na wengi wao wakafa. Waliobaki hai, walipohojiwa na watafiti, walizungumza juu ya hofu, aibu na kuachwa na watu wao, na imani kwa Mungu iliyowashika. Mjini Gulu, Uganda, mwaka 2000, walioruhusiwa kutoka walipewa vyeti vya kuthibitisha kwamba hawaambukizi, na bado majirani waliwakimbia.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza mlipuko mpya Kivu Kaskazini. Ulianzia Mangina, ukashika Beni, Katwa na Butembo, ukafika Ituri, na Julai 2019 ukaingia Goma. Agosti mwaka huohuo mgonjwa mmoja alithibitishwa Pinga, wilayani Walikale, na watu wa Masisi na Walikale, ambao hadi hapo waliisikia Ebola redioni tu, wakaona timu za chanjo zikifika kwao. Ugonjwa haukuenea Pinga. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Waliopona walikuwa zaidi ya 1,100. Haikuwahi kutokea Kongo kundi kubwa hivyo la watu waliopona Ebola ndani ya muda mfupi.

Ebola ilivunja desturi ya mlinzi pale pale inapohitajika zaidi. Anayemgusa mgonjwa huambukizwa; kwa hiyo mama alizuiwa kumwosha mwanawe, na mgonjwa akazungukwa na watu waliovaa mavazi ya kujikinga, macho tu yakionekana nyuma ya miwani. Kwa mtu mwenye homa na akili iliyovurugika, viumbe hao weupe walikuwa majini au wauaji. Alisikia jirani wa kitanda akikata roho usiku na kuona mwili ukitolewa ndani ya mfuko. Nje, uvumi ulisema vituo vya tiba ya Ebola ni biashara ya fedha za wazungu na kwamba watu huuawa humo. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa ndani ya wiki moja. Aprili, Richard Mouzoko, daktari Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Ni vigumu kutoiona hapo ile hofu ya lazareti, ikichochewa na miaka 25 ya vita na serikali isiyoaminika.

Katikati ya hayo yalifanyika mambo mawili ambayo historia ya tiba inapaswa kuyashika. La kwanza ni chumba cha plastiki angavu kilichobuniwa na shirika la ALIMA na kutumiwa Beni. Mgonjwa hulala ndani, mikono ya glavu ndefu imeunganishwa ukutani, na muuguzi humhudumia kutoka nje bila kuvaa mavazi mazito. Ndugu huweza kuketi hatua moja kutoka kwake, akamwona uso, akazungumza naye, akamwimbia. Mlinzi alirudishiwa nafasi yake, ingawa hakuruhusiwa kugusa.

La pili lilitoka kwa waliopona wenyewe. Kwa kuwa miili yao ilikuwa na kinga, waliweza kuingia mahali ambapo wengine hawakuweza. Kando ya kituo cha Beni, shirika la UNICEF lilisaidia kuanzisha chumba cha kulelea watoto ambao mama zao wamelazwa, na walezi walikuwa wanawake waliopona. Waliwabeba, waliwalisha, waliwalaza. Wengine waliketi na wagonjwa ndani ya kituo na kuwaambia neno ambalo daktari hawezi kulisema: mimi nililala hapa, nikatoka. Kwa wengi wa walezi hao, waliopoteza watoto au waume katika vituo hivyohivyo, kazi ilikuwa pia tiba, ingawa si kwa kila mmoja. Kulea mtoto anayefanana na uliyemzika ni mzigo mzito. Hata dawa yenyewe ilitoka kwa aliyepona: kingamwili ya mAb114 ilitengenezwa kutokana na damu ya mtu aliyenusurika Kikwit mwaka 1995. Jaribio lililoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe, lenye wagonjwa 681, lilionyesha Agosti 2019 kwamba dawa hiyo na nyingine iitwayo REGN-EB3 zilipunguza vifo hadi takriban thuluthi moja, wakati ZMapp, iliyolinganishwa nazo, iliacha nusu wafe.

Siku ya kutoka ilikuwa na taratibu zake: kuoga kwa maji yenye klorini, kuvaa nguo mpya, kupewa cheti, kupigiwa makofi. Waliitwa washindi. Kisha washindi wakafika nyumbani. Magodoro na nguo zilikuwa zimechomwa. Baadhi walikuta nyumba ambayo wote wengine wamekufa, nao ndio walioleta ugonjwa, au hivyo ndivyo walivyojishtaki. Wateja waliukwepa unga wa muuzaji. Mwenye nyumba alidai chumba chake. Maumivu ya viungo, kichwa na macho yaliwakumbusha kila siku, na macho yaliyoachwa bila tiba yaliweza kupofuka. Kwa wanaume, virusi vilivyoweza kubaki katika shahawa kwa miezi viliiingiza hofu hadi chumbani. Mlipuko mdogo wa Februari hadi Mei 2021 huko Biena na Butembo, uliohusishwa na maambukizo kutoka kwa mtu aliyepona zamani, ulileta tena vidole vya lawama juu ya wote.

Tofauti na Kikwit, safari hii palikuwa na mpango. Zahanati za ufuatiliaji zilifunguliwa Mangina, Beni na Butembo, na kila aliyepona aliitwa mara kwa mara kwa uchunguzi wa mwili, macho, shahawa na hali ya nafsi, akikutana na mwanasaikolojia Mkongo anayesema lugha yake. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba ya Kinshasa, pamoja na wenzake Wafaransa, iliwaandikisha zaidi ya 700 katika utafiti wa muda mrefu ulioitwa kwa jina lao, Washindi wa Ebola. Aliyepona sasa alipewa tarehe ya kurudi ili aulizwe analalaje.

Mpango huo haukuvuka kwenda kwa wagonjwa wengine. Aliyetoka wadi ya mahututi ya Masisi baada ya malaria, kifafa cha mimba au kipindupindu hana tarehe kama hiyo. Washauri nasaha waliopo wamezidiwa na waathirika wa ubakaji na vita, na kwa ugonjwa mkubwa wa akili njia ni kwenda Goma, kwenye kituo cha Tulizo Letu cha Mabruda wa Upendo, iwapo barabara inapitika. Januari 2025 mapigano yalifika Masisi-kati, na maelfu ya watu wakakimbilia ndani ya uzio wa hospitali; Machi kundi la waasi la M23 likaingia Walikale-kati kwa takriban wiki mbili. Katika hali hiyo, ufuatiliaji wa kila mwezi unaofanywa na wataalamu ni mgumu kuahidi. Kinachowezekana ni kidogo zaidi, na vifaa vyake vipo tayari: muuguzi amweleze mlinzi, kabla ya kutoka, kwamba majinamizi na usahaulifu hutarajiwa na si uchawi, amwombe amsimulie mgonjwa siku alizozipoteza, amwambie mwalimu wa mtoto ampe muda, na aandike kwenye kadi ya kliniki tarehe moja ya kurudi.